Moyo wa kijana umesimama na mishipa yake ni mizima: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Mzee wa miaka 60, mvutaji sigara, mwenye kisukari na presha, akianguka ghafla huku ameshika kifua, kila daktari anajua pa kuanzia: mishipa inayoulisha moyo imeziba. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wale wengine. Binti aliyezimikia bwawani. Kijana wa bodaboda aliyekutwa amekufa kitandani asubuhi, na jana yake alikuwa na homa tu. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Hao ndugu zao huambiwa "presha ilipanda", cheti kinajazwa, na chanzo kinazikwa pamoja na mwili.

Nimekaa chumba cha dharura miaka mingi, na ninalolisema hapa nalisema kwa uchungu. Vyanzo hivi adimu vinatuponyoka kwa maswali ambayo hatukuuliza kuliko kwa mashine ambazo hatuna. Ushahidi unakaa mahali patatu: dakika ile ya kuanguka, karatasi ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo), na ukoo. Vyote vitatu hupotea haraka. Shahidi anaondoka, karatasi inafifia, ndugu wanarudi kijijini.

Nimeandika kwa madaktari, matabibu na wauguzi wenzangu, lakini hata mtu wa familia atapata humu maswali ya kudai yajibiwe.

Kwanza tuelewane maneno. Mshtuko wa moyo ni bomba lililoziba. Mgonjwa anaweza kuwa anaongea na kutoa jasho. Moyo kusimama ni pampu yenyewe imekoma: mtu hajibu, hapumui, au anavuta pumzi za kukoroma zenye kupishana mbali. Dakika ya kwanza anaweza hata kurusha mikono na miguu kama mwenye degedege. Watu wakamshika, wakamtia kijiko mdomoni, na muda ukaenda. Asiyejibu na asiyepumua sawasawa abonyezwe kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na mashine ya kushtua moyo iletwe. Fabrice Muamba, mchezaji wa mpira wa miguu mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012, na moyo wake haukurudi kupiga wenyewe hadi dakika 78 zilipopita. Yu hai mpaka leo kwa sababu walioanza kubonyeza hawakuacha.

Hatua ya 1: Tafuta kinachotibika mikono ikiwa bado kifuani

Kila aliyesomea kufufua anazijua sababu za kurekebishika: ukosefu wa oksijeni, kupoteza damu au maji, potasiamu kupanda au kushuka, baridi kali, hewa kujaa kifuani na kubana mapafu, maji kuzunguka moyo, sumu, na damu kuganda kwenye mapafu au moyoni. Sitazirudia moja moja. Nitasimama kwenye zile ambazo huku kwetu zinapita machoni petu.

Jiko la mkaa. Usiku wa baridi, iwe Njombe au Limuru, jiko linaingizwa ndani na madirisha yanafungwa. Kipima oksijeni cha kidoleni kinaweza kukuonyesha 98 wakati damu imejaa hewa chafu ya mkaa, kwa sababu kifaa hicho hakitofautishi hewa hiyo na oksijeni. Usikiamini. Uliza: nani mwingine alilala chumba hicho, na je, aliamka na kichwa kinamgonga au anatapika? Kama jibu ni ndiyo, mpe oksijeni nyingi kwa barakoa, na mtu mmoja akawatoe waliobaki ndani ya nyumba.

Dawa ya kunyunyizia shambani au ya kuua wadudu. Mate yanachuruzika, jasho jingi, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, mapigo ya polepole. Hapo ni atropini, tena kwa wingi, na nguo zake zivuliwe.

Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye shingo yake ina mishipa iliyovimba na presha yake ilikuwa ikishuka kabla hajaanguka, moyo wake huenda umezingirwa na maji. Weka kipimo cha ultrasaundi kifuani wakati wa kukagua mapigo. Sekunde 10 zinatosha kuona.

Aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, au aliyesafiri kwa basi usiku kucha na mguu mmoja umevimba: fikiria damu iliyoganda na kupanda mapafuni. Ukiona upande wa kulia wa moyo umetanuka, shaka iongezeke. Lakini kumbuka kwamba upande huo hutanuka kidogo kwa yeyote ambaye moyo wake umesimama kwa muda, kwa hiyo picha hiyo isome pamoja na historia.

Na yule wa figo, au aliyeharisha na kutapika siku tatu, usimalize dakika 10 bila kufikiria potasiamu. Kwenye ECG kila pigo huchora P ndogo, kisha QRS yenye ncha, kisha wimbi T. Potasiamu ikipanda, T huwa refu na lenye ncha kali, P hutoweka, QRS hupanuka. Kalsiamu glukoneti iingie kabla ya majibu ya maabara. Ikishuka, T hulala na wimbi dogo la U hujitokeza nyuma yake.

Hatua ya 2: Kaa chini na shahidi

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayoachiwa mtu mwenye haraka.

Aliletwa kwetu binti wa miaka 14 kwa jina la "mgonjwa wa kifafa". Miaka mitatu alikuwa akinywa fenobabito, dawa ya kifafa, kutoka kituo kimoja, na kila baada ya miezi kadhaa bado alianguka. Siku hiyo alikuwa amelala wodini, ametulia, ametoka kuharisha. Simu ya mezani ikalia. Nikamwona akishtuka, macho yakapinduka, na kwenye monita yale mawimbi yakaanza kujisokota kama utepe unaozungushwa, makubwa, madogo, makubwa tena. Tukamshtua na mashine, tukabonyeza, muuguzi akakimbia wodi ya wazazi kuchukua magnesiamu salfeti, ile ile ya kifafa cha mimba. Gramu 2 kwenye mshipa. Moyo ukarudi na ukatulia.

Bibi yake alikuwa kwenye benchi nje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Amekufa?"

"Hajafa. Naomba nikuulize. Nyumbani akianguka, huwa anafanya nini kabla?"

"Hafanyi kitu. Mara ya kwanza alikuwa usingizini, saa ya mjomba wake ikalia alfajiri. Mara nyingine bati liliangukiwa na embe."

"Na mama yake yuko wapi?"

"Mama yake alifariki. Alikuwa na mtoto mchanga wa wiki sita, huyu mdogo wake. Walisema kifafa cha mimba."

Kwa majibu hayo mawili ugonjwa ulikuwa umejitaja. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza bibi.

Muulize shahidi, tena kwa utulivu, mambo haya. Alikuwa anafanya nini sekunde ile? Aliyeanguka akikimbia, akiogelea au akigombana, fikiria QT ndefu (moyo unaochelewa kujiandaa tena baada ya kila pigo) ya aina ya kwanza, msuli wa moyo ulionenepa, mshipa wa moyo uliochipuka mahali pasipo pake, au ule ugonjwa wa watoto ambao moyo unavurugwa na adrenalini. Aliyeanguka kwa mlio wa ghafla, kengele au simu, hasa mwanamke na hasa miezi ya baada ya kujifungua, fikiria QT ndefu ya aina ya pili. Aliyekufa usingizini, au wakati wa homa, fikiria Brugada, ugonjwa wa kurithi wa umeme wa moyo, au QT ndefu ya aina ya tatu. Huko Thailand vifo vya usiku vya vijana wa kiume vina jina la watu, lai tai, na Ufilipino vinaitwa bangungot. Kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa kazi ya mizimu kabla havijahusishwa na ugonjwa ambao ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, waliueleza mwaka 1992. Kwetu kuna jinamizi. Sisemi kila jinamizi ni ugonjwa wa moyo, ila kijana anayekoroma vibaya usiku, haamki akitikiswa, kisha anaamka amejikojolea, apimwe ECG.

Je, alipigwa kifuani? Pigo la mpira, kiwiko au ngumi, hata lisilovunja mbavu, likitua ndani ya dirisha la takriban milisekunde 20 moyo ukiwa unajiandaa kwa pigo linalofuata, linaweza kuuvuruga. Ndicho kilichompata Damar Hamlin, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, tarehe 2 Januari 2023 uwanjani Cincinnati.

Alianguka kabla au baada ya kichwa kumuuma sana? Damu ikivuja kwenye ubongo huweza kusimamisha moyo na kuchora ECG inayofanana kabisa na mshtuko wa moyo. Huyo anahitaji CT ya kichwa kabla hujampa dawa za kuyeyusha damu.

Kisha omba mfuko wa dawa, wote, umwagwe mezani. Klorokwini, kwinini, haloperidoli, methadoni, erithromaisini, flukonazoli, domperidoni, na dawa za kifua kikuu sugu kama bedakwilini na moksifloksasini, zote hurefusha QT. Wengi wanaozitumia hawapati tatizo, na mtu asiache dawa yake ya malaria au ya TB kwa sababu ya mwongozo huu. Hatari huja zinapokutana mbili, au moja inapokutana na potasiamu iliyoshuka kwa kuharisha au kwa frusemidi (dawa ya kukojoza maji), kwa mtu ambaye tayari jeni zake si imara. Ndiyo maana wagonjwa wa TB sugu hupimwa ECG mara kwa mara, na kipimo hicho kisirukwe eti karatasi zimeisha.

Hatua ya 3: Isome ECG kwa rula, usiitazame kwa jicho

Piga ECG mara tu moyo unaporudi, lakini usitoe hukumu juu yake. Dakika chache za kwanza moyo uliokosa damu huchora ST (kipande kati ya QRS na T) iliyopanda hata kama hakuna mshipa ulioziba. Subiri angalau dakika 8, piga nyingine, kisha nyingine kesho yake na siku ya tatu. QT nayo hurefuka yenyewe baada ya kufufuliwa na baada ya kupozwa mwili, kwa hiyo ile ndefu ya siku ya kwanza sio uthibitisho. Kama mgonjwa aliwahi kupimwa popote zamani, tuma mtu akaitafute karatasi hiyo. Ina thamani kuliko nyingi utakazopiga leo.

Kupima QT: karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo kimoja ni milisekunde 40. Chukua waya wa II au V5 (ECG huchora moyo kupitia waya kadhaa, na V1 hadi V6 ni zile za kifuani). Hesabu visanduku kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T. Kwa yule binti, ECG ya siku ya nne, potasiamu ikiwa imesharekebishwa, ilitoa visanduku 12, yaani milisekunde 480. Kutoka QRS moja hadi nyingine vilikuwa 18, yaani sekunde 0.72. Kipeuo cha pili cha 0.72 ni kama 0.85. Gawanya 480 kwa 0.85: unapata takriban 565, na hiyo ndiyo QT iliyosahihishwa kwa kasi ya mapigo. Mwanamume akizidi 450 na mwanamke 460 tunaanza kuuliza. Ukivuka 480 mara kwa mara bila dawa wala upungufu wa chumvi, ni ugonjwa. Kuanzia 500 ni hatari iliyo wazi. Huna kikokotoo? Kwa mapigo ya kawaida, T ikimalizika ng'ambo ya nusu ya njia kati ya QRS mbili, simama upime vizuri. Na usiishie kwenye namba iliyochapwa na mashine juu ya karatasi. Mashine hukosea mwisho wa T pale pale inapohitajika zaidi.

Brugada hujificha. Tafuta V1 na V2: ST inayopanda milimita 2 au zaidi kisha kuteremka kama mgongo wa papa, na T iliyopinduka. Usipoiona, pandisha waya hizo mbili hadi nafasi ya pili kati ya mbavu, upige tena. Rudia siku ya homa. Mgonjwa wa aina hii homa yake ishushwe mapema, kwa sababu homa ndiyo inayomuua.

PR (kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS) fupi chini ya milisekunde 120, na QRS inayoanza kwa mteremko wa taratibu, ni WPW (Wolff-Parkinson-White): kuna njia ya pili ya umeme moyoni. Huu ni ugonjwa unaopona kabisa kwa kuunguza njia hiyo, kwa hiyo kuukosa ni msiba. Mapigo yake yakiwa ya kasi na yasiyo na mpangilio, usimpe verapamili wala digoksini, mshtue.

T zilizopinduka V1 hadi V3 kwa mtu mzima asiye mwanamichezo huamsha shaka ya upande wa kulia wa moyo unaogeuka kuwa mafuta na makovu. Hapa naomba tuwe waangalifu kwa vijana wetu. Kwa wanamichezo weusi, ST iliyopanda kama kuba ikifuatiwa na T iliyopinduka katika V1 hadi V4 inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Ikienda hadi V5 na V6, hiyo si mazoezi, ni ugonjwa hadi ithibitike vinginevyo. Mwanariadha asikatizwe riziki yake kwa karatasi iliyosomwa vibaya, wala asirudishwe uwanjani kwa karatasi isiyosomwa.

Hatua ya 4: Umbo la moyo na mabomba yake

ECHO (ultrasaundi ya moyo) ifanywe na mtu aliyeambiwa unachotafuta. Ukuta wa milimita 15 au zaidi bila presha ya kuuelezea ni msuli ulionenepa kwa kurithi. Ndugu wa mgonjwa kama huyo, hata 13 inatosha kuleta shaka. Marc-Vivien Foé, mchezaji wa mpira wa miguu wa Cameroon, alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003, dakika ya 72, hakuna aliyemgusa, na uchunguzi wa mwili ukakuta ugonjwa huu. Mwambie mpimaji aangalie pia mishipa ya moyo inachipukia wapi, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na moyo uliotanuka baada ya uzazi.

Mishipa ya moyo ipigwe picha hata kwa kijana, kwenye vituo vyenye uwezo huo kama JKCI (Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete) Dar es Salaam au Uganda Heart Institute Kampala. Mshipa wa kushoto ukichipukia upande wa kulia, huweza kupita katikati ya mabomba mawili makubwa, na wakati wa kukimbia hali huwa mbaya. Kwa mwanamke kijana, tazama ukuta wa mshipa uliochanika wenyewe bila mafuta yoyote. MRI, ikipatikana, huonyesha makovu na uvimbe wa msuli uliotokana na virusi, mambo ambayo ECHO huyapita.

Hatua ya 5: Vyote ni visafi, na bado alikufa

Hapo usiandike "sababu haijulikani" kabla ya kipimo cha kutembea kwenye mashine ya mazoezi. Kuna ugonjwa wa kalsiamu ndani ya chembe za moyo (CPVT, ule wa watoto na adrenalini niliotaja Hatua ya 2) ambao ECG ya kulala ni safi kabisa na ECHO ni safi. Mtoto anazimia akikimbia au akilia kwa hasira, na watu wanasema anadeka au ana mapepo. Akitembezwa kwenye mashine, mapigo ya ziada yanaanza, yanaongezeka kadiri anavyokaza mwendo, mengine yakigeuka juu na chini kwa zamu. Ukimfufua huyu, adrenalini nyingi humzidishia. Dawa yake ni nadololi au propranololi, na kulazwa usingizi kwa dawa. Kipimo hicho pia huonyesha QT inayokataa kufupika dakika ya nne ya kupumzika.

Vipimo vya kuichokoza Brugada kwa dawa ya mshipani vifanywe tu penye mashine ya kushtua na watu wanaoijua. Si vya zahanati.

Hatua ya 6: Kama hakufufuka

Mazishi yetu ni ya haraka, na kwa Waislamu mara nyingi ni siku hiyo hiyo. Siwalaumu ndugu. Zungumza na mkubwa wa familia, baba mdogo au mjomba, mwambie waziwazi kwamba unawafikiria watoto waliobaki. Wakikubali mwili uchunguzwe, moyo uchunguzwe na anayeujua. Wakikataa kisu, omba ruhusa ya damu tu: mililita 5 hadi 10 kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, igandishwe. Jeni zinaweza kusomwa hata baada ya miaka. Wakikataa hata hiyo, bado hujakosa. Chukua majina ya wazazi, kaka, dada na watoto wa marehemu, na namba ya simu ya mmoja wao.

Hatua ya 7: Ukoo

Mengi ya magonjwa haya hurithiwa kwa namna ambayo kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili. Chora ukoo kwenye karatasi, vizazi vitatu. Uliza juu ya waliozama ingawa walijua kuogelea, ajali ya dereva peke yake barabara nyoofu, mtoto mchanga aliyekutwa amekufa, "kifafa" kisichosikia dawa, na kiziwi wa kuzaliwa anayezimia. Ndugu wa karibu wapimwe ECG na ECHO, na wale wanaoweza wapande mashine ya mazoezi.

Yule binti tulimwanzishia propranololi na kumpa rufaa kwa ajili ya kifaa cha kumshtua moyo kinachowekwa chini ya ngozi. Bibi akarudi wiki iliyofuata na mdogo wake, mvulana wa miaka 9, mkimya, ambaye hajawahi kuanguka hata siku moja. Nilimlaza, nikamwekea waya, nikahesabu visanduku mara mbili kwa sababu sikutaka kuamini. QT yake, ikisahihishwa, ilikuwa 510. Aliondoka na vidonge, na orodha ya dawa zilizokatazwa niliyoiandika kwa herufi kubwa ili bibi aionyeshe kila duka la dawa. Mlangoni bibi aligeuka akaniambia saa ya mjomba ameshaifunga kwenye kanga na kuiweka kabatini, na kwamba tangu hapo wanaamshwa na jogoo wa jirani, aliye mbali.